Afya ya akili haitafitiwi na madaktari peke yao

Wengi huamini utafiti wa afya ya akili ni wa madaktari, na mhadhiri wa ustawi wa jamii huandaa tu maofisa wa kesi za matunzo ya watoto. Si ajabu, ndiko tunakokutana nao.

Lakini tazama Harare, Zimbabwe. Kina bibi waliopewa mafunzo walikaa na wagonjwa kwenye benchi, nje ya zahanati, wakitatua tatizo moja baada ya jingine. Jaribio la mbinu hiyo katika zahanati 24, lililochapishwa 2016, lilikuta dalili za wagonjwa hao zimepungua kuliko kwa waliopata huduma ya kawaida. Daktari aliliongoza, ndiyo, ila maswali yake ni yaleyale ya ustawi wa jamii: nani anamsikiliza mgonjwa, wapi?

Ukitaka kuhakiki utafiti, soma ikisiri, yaani muhtasari wake wa mwanzoni. Mara nyingi ni bure. Palikuwa na kundi la kulinganisha, yaani watu wasiopata huduma inayojaribiwa? Wangapi walifuatiliwa mpaka mwisho?