Sukari Iliyoanza Kupanda: Mhudumu wa Afya Aangalie Nini

Mtu akipimwa sukari ya damu kabla ya kula na kipimo kikasoma 6.4, mara nyingi huambiwa "huna kisukari", akaenda zake. Ni kweli hana. Lakini sukari yake imeshaanza kupanda, na kama hakuna aliyemweleza, huenda akarudi miaka michache baadaye akiwa mgonjwa. Mafunzo ya wauguzi, matabibu na wahudumu wa afya ya jamii yanapaswa kukazia namba hizi za katikati.

Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani, mtu aliyekaa saa 8 au zaidi bila kula akiwa na kati ya 6.1 na 6.9 milimoli kwa lita, yuko kwenye hali inayotangulia kisukari. Chama cha Kisukari cha Marekani huanzia 5.6. Kuanzia 7.0 ni kisukari, na asiye na dalili hupimwa tena siku nyingine ili kuthibitisha. Kituo kifuate kigezo kimoja. Muuguzi wa asubuhi akitumia hiki na wa jioni kile, anayechanganyikiwa ni mgonjwa.

Wa kutafutwa ni nani? Mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja mwenye kisukari, mwenye shinikizo la damu, mwenye unene hasa wa tumbo, na mama aliyepata kisukari cha mimba. Tazameni pia shingo na makwapa: ngozi iliyogeuka nyeusi na nene kama mahameli ni ishara kwamba insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, haifanyi kazi vizuri mwilini. Wengi huisugua kwa dodoki wakidhani ni uchafu.

Upimaji ndio unaotuangusha zaidi. Glukomita, kifaa kidogo kinachopima sukari kwa tone la damu la kidoleni, inafaa kwa kuchuja watu, si kwa kuthibitisha. Aliyetoka kumenya embe asiponawa mikono, namba hupanda kwa uongo. Kopo la vijiti vyake vya kupimia likiachwa wazi, unyevu huviharibu. Maabara nako kuna mtego. Damu ikikaa mezani, seli zake zinaendelea kutumia sukari, nayo hupungua kwa takribani asilimia 5 hadi 7 kila saa. Sampuli iliyochukuliwa saa mbili asubuhi ikiwa 6.4 inaweza kusomeka chini ya 6.1 ifikapo saa nne, na mtu akahesabiwa mzima. Kichupa chenye floraidi, kemikali inayozuia seli kutumia sukari, husaidia, lakini hakizuii upungufu huo papo hapo, kwa hiyo majimaji ya damu yatenganishwe na seli mapema. Kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu, ambacho kati ya asilimia 5.7 na 6.4 huashiria hali hii kwa vigezo vya Marekani, kinaweza kupotosha kwa mwenye selimundu, upungufu wa damu au aliyeongezewa damu karibuni.

Akishatambuliwa, asipewe hotuba. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kuwa kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki kulipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58. Metformini, dawa ya kushusha sukari, ilipunguza kwa asilimia 31. Kwa mtu wa kilo 85, hizo ni kilo 6 hivi, na kutembea haraka nusu saa kwa siku tano. Muulizeni kwanza jana alikula nini. Kama ni soda mbili na chai ya vijiko vinne, anzeni hapo. Soda moja ya mililita 300 ina takribani gramu 30 za sukari. Ugali si lazima uachwe: upungue, mboga na maharage viongezeke. Dawa ni uamuzi wa daktari, na kipimo kirudiwe kila mwaka.

Mama aliyepata kisukari cha mimba asisubiri mwaka. Anapoleta mtoto chanjo ya wiki ya 6, apangiwe kuja asubuhi bila kula: apimwe, anywe gramu 75 za glukosi ndani ya dakika 5, akae, apimwe tena baada ya saa mbili. Kipimo hicho cha pili kikiwa kati ya 7.8 na 11.0, naye ni wa kufuatiliwa.