Je, wajua kwa nini injini ya boti hupasuka ikiwa imezimwa?

Injini iliyozunguka miaka yote bila tatizo inaweza kupasuka bloku (mwili wake wa chuma wenye silinda) usiku mmoja, ikiwa imezimwa na kufunikwa turubai, bila mtu kuigusa. Mambo haya hutokea kwenye baridi kali ya Kanada, Norwei na kaskazini mwa Marekani. Mwanza hayatokei, maana maji ya Ziwa Victoria hukaa karibu nyuzi joto 25 mwaka mzima, na hata usiku wa Julai wenye upepo mkali haukaribii sifuri. Hata hivyo mwenye boti wa Kirumba au Igombe anahitaji kuyajua, hasa akiwa anatafuta mashine ya mtumba. Mashine hizo hutoka nje, na nyingine zimepitia baridi hiyo kabla ya kupakiwa kontena.

Chanzo ni namna injini ya boti inavyopozwa. Gari lina rejeta na maji yake lenyewe. Mashine ya boti kwa kawaida hunywa maji yale yale inayoelea juu yake: pampu yenye impela ya mpira huyavuta, huyazungusha kando ya silinda, kisha huyatema. Ule mchirizi unaotoka nyuma ya mashine, ambao nahodha huutupia jicho kila anapowasha, ndio maji hayo yakitoka na joto lake.

Mashine ya kuning'iniza nyuma ya boti ikizimwa na kuachwa wima, maji mengi hushuka yenyewe. Injini iliyofungwa ndani ya boti ni kesi nyingine kabisa. Maji hubaki kwenye mifereji ya bloku, kwenye mabomba na ndani ya pampu, na huko kwenye baridi kali yatagandia humo humo.

Vimiminika karibu vyote husinyaa vikipoa. Maji nayo husinyaa, lakini yakifika nyuzi 4 hubadili tabia na kuanza kutanuka. Yakiganda, chembe zake hujipanga kwa umbo la pembe sita lenye nafasi tupu katikati, kwa hiyo lita 10 za maji huwa karibu lita 11 za barafu. Hiyo lita moja ya ziada lazima ipate pa kukaa. Ikikosa, husukuma: maji yaliyobanwa pande zote yakiganda, kila nyuzi moja chini ya sifuri inaweza kuongeza mgandamizo wa zaidi ya mara 130 ya ule wa hewa. Tairi la gari dogo hujazwa upepo wa kama mara 2 tu. Chuma cha kumimina kilichotumika kutengeneza bloku ni kigumu lakini hakinyumbuki, basi hupasuka.

(Mwaloni kuna barafu kila siku, na mitumbwi ya kukusanya sangara huipakia tele. Haidhuru mashine hata kidogo. Tatizo ni maji kugandia ndani, mahali palipofungwa.)

Ndiyo maana wenye boti wa nchi hizo, kabla theluji haijaanza, humwaga maji yote ya injini, kisha hupitisha dawa ya kuzuia kuganda. Wengi hutumia ile ya propileni glikoli, yenye sumu kidogo kuliko ethileni glikoli. Hupulizia oili ndani ya silinda zisishike kutu, na betri huichaji ijae, kwa sababu betri iliyoisha chaji huganda upesi kuliko iliyojaa.

Kazi iliyo rahisi kusahaulika ni kumwaga oili ya giaboksi, na hapo ndipo habari hii inapofika Mwanza. Kwenye mashine ya kuning'iniza, giaboksi iko chini kabisa, jirani na pangaboi, na hukaa ndani ya maji. Sili, yaani kizuizi cha maji kwenye ekseli, ikichoka, maji huingia na kutulia chini ya oili. Mwenye boti wa huko kwenye baridi asipoimwaga mapema, maji hayo huganda na kupasua ganda la alumini. Ufa unaweza kuwa mwembamba kama unywele, ukazibwa kwa gundi, ukapigwa rangi, na mashine ikaletwa huku iking'aa. Mimi rangi mpya kwenye giaboksi peke yake, wakati mwili wote umechakaa, hunitia shaka papo hapo.

Kipimo ni rahisi. Acha mashine isimame wima usiku kucha, kisha legeza skrubu ya chini ya giaboksi polepole, chombo kikiwa chini yake. Maji ni mazito kuliko oili, hivyo yakiwemo yatatangulia kutoka. Oili ikitoka na rangi ya maziwa, maji yamekwisha kuchanganyika nayo.

Hilo halithibitishi ufa. Ziwani kwetu sili huharibika sana kwa uzi wa nyavu unaojiviringisha kwenye ekseli ya pangaboi, na sili ni kitu cha kubadilisha kwa bei nafuu. Kutofautisha, fundi humwaga oili yote, hujaza upepo kidogo kupitia tundu la skrubu na kuizamisha giaboksi majini. Mapovu yakitoka kwenye ekseli, ni sili. Yakitoka ubavuni, kwenye alumini yenyewe, punguza bei kwa thamani ya giaboksi nzima, au iache mashine hiyo.