Jicho la mtoto tumboni halisubiri mwanga

Nimelisikia tena kliniki hapa Tanga, mwanafunzi akimwambia mjamzito: "Mama, macho ya mtoto bado yamelala, yataamka akizaliwa." Nimechoka nalo.

Kope zimefungana kweli, tangu wiki ya 10 hivi hadi karibu ya 26. Lakini kope si retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Retina ni chipukizi la ubongo, na nyurotransmita zake, kemikali zinazopeleka ujumbe kati ya seli za neva, huanza kazi kabla ya kuona. Mwaka 1988 watafiti Galli na Maffei walinasa seli za ganglioni (zinazotuma ishara za retina kwenye ubongo) za panya ambao hawajazaliwa zikitoa ishara zenyewe. Asetilikolini, nyurotransmita ya seli za amakrini zilizomo kwenye retina, huamsha jirani, jirani huamsha jirani, na wimbi likatembea juu ya retina. Baadaye glutamati, nyurotransmita ya seli nyingine za retina ziitwazo bipola, hushika zamu. Hayo nayapita.

Kinachoniudhi ni GABA, nyurotransmita nyingine. Kila daftari limeandikwa "GABA huzuia". Kwa mtu mzima, sawa. Niuroni (seli ya neva) changa imejaa kloridi, ioni ya chumvi yenye chaji hasi, kwa sababu protini ya NKCC1 inayoiingiza ina nguvu kuliko KCC2 inayoitoa. GABA ikifungua mlango, kloridi inatoka badala ya kuingia, na seli inasisimka! Molekuli ileile, kipokezi kilekile. Tofauti ni chumvi iliyomo ndani. Hata baadaye KCC2 inapoongezeka, seli hazigeuki zote siku moja. Basi usiipe nyurotransmita jina la mzuiaji kabla hujauliza seli ina umri gani.

Shaka ninazo. Ushahidi mwingi ni wa wanyama, na wiki za panya si wiki za binadamu. Tena, je, umbo la wimbi ndilo linalozigawia neva za macho mawili sehemu zake kwenye thalamasi, kituo cha ubongo kinachopokea ishara za macho, au inatosha seli zichangamke tu? Ukivuruga mawimbi kwa dawa moja, mgawanyo unakwama. Ukiyavuruga kwa njia nyingine, unaendelea. Vitabu vya darasani hulipita hili kimya.

Vipokezi vya asetilikolini vinavyoendesha mawimbi hayo ni vya aina ambayo nikotini ya tumbaku huishika. Kwa hiyo dada anayebwia ugoro akiniambia hauna neno kwa kuwa mtoto haoni bado, simkubalii. Simtishi kwamba mwanawe atazaliwa kipofu, hilo halijathibitishwa. Namwomba aache leo, maana retina ya mtoto iko kazini sasa hivi.