Nondo wakunja-majani wa migomba ya Hawaii

Mkulima wa migomba akilalamikia wadudu, mara nyingi anamsema fukusi. Mimi ninayefuatilia nondo navutiwa zaidi na wakazi wa jani, hasa wale wa visiwa vya Hawaii: Omiodes maia, O. meyricki, O. musicola, O. fullawayi na O. euryprora. Hawapatikani kwingine duniani, na viwavi wao hula mgomba.

Hapo ndipo penye fumbo. Mgomba si mmea wa asili wa Hawaii. Wapolinesia waliufikisha huko kwa mitumbwi yao, yapata miaka 1,000 iliyopita. Mwaka 1960 mtaalamu wa wadudu Elwood Zimmerman alitoa hoja kwamba babu wa nondo hawa alikuwa akila Pritchardia, mti wa jamii ya mnazi wenye majani ya upepeo kama ya mvumo, kisha akahamia mgombani, na spishi zote 5 zikatokea ndani ya muda huo mfupi. Kwa mageuzi ya viumbe, hiyo ni kasi ya ajabu.

Kiwavi mchanga hujificha chini ya jani, akiparua nyama laini ya jani hilo. Akikua huanza ujenzi. Hutoa uzi wa hariri chini ya mdomo, akaunasa ukingoni, akageuza kichwa na kuubandika upande wa pili, tena na tena. Kila uzi huvutwa ukikaza. Nyuzi zikishakuwa nyingi, ukingo hujikunja wenyewe. Humo ndani hula, hujivua ngozi, na hatimaye huwa pupa, yaani hatua ya kutulia kabla ya kuwa nondo. Nondo mpevu huruka usiku.

Kinachodhaniwa kuwafanya wawe adimu ni vita visivyowahusu. Ndugu yao, O. accepta, alikuwa akishambulia miwa, na tangu mwishoni mwa karne ya 19 nyigu wa vimelea, ambao watoto wao hukua kwa kula wadudu wengine, waliletwa kutoka nje kupambana na wadudu wa mashamba. Nyigu hatofautishi kiwavi wa muwa na wa mgomba. Ndiyo maana mimi sikubali nyigu wa aina hiyo aachiliwe popote kabla ya kupimwa kwa viwavi wa asili wa mahali hapo.

Ukifika Hawaii, watafute kwenye migomba ya mabonde yenye unyevu karibu na msitu wa asili. Msokoto mnene wenye kiwavi aliyepakwa ungaunga mweupe wa nta usikudanganye: huyo ni wa Erionota, kipepeo mgeni aliyeingia mwaka 1973.