Nani aliidungua MH17? Yanayosemwa na yaliyothibitika

Ilikuwa Alhamisi, 17 Julai 2014, saa kumi na dakika 20 alasiri. Wakati wa kiangazi saa za Ukraine hulingana na zetu za Afrika Mashariki, kwa hiyo dakika ileile ambayo wengi wetu Pwani tulikuwa mbioni kuandaa futari, maana ulikuwa mwezi wa Ramadhani, ndege ya abiria ya Malaysia Airlines ilipasuka juu ya mashamba ya alizeti mashariki mwa Ukraine. Ilikuwa safarini kutoka Amsterdam kwenda Kuala Lumpur. Walikufa watu wote 298 waliokuwamo, 80 kati yao watoto.

Tangu siku hiyo, kila MH17 inapotajwa barazani au kwenye kundi la WhatsApp, huwa hakosekani wa kufunga mjadala kwa kusema: "Warusi wanasema hivi, Waukraine wanasema vile, ukweli hautajulikana." Kauli hiyo inaonekana ya busara. Mimi naiona inawadhulumu waliokufa, kwa sababu mengi yanajulikana, na yanajulikana kwa ushahidi wa kushikika mkononi. Nitazipitia dhana zinazosemwa moja moja, nikianza na ya silaha.

"Wanabishana kila kitu, hata silaha yenyewe haijulikani"

Silaha inajulikana. Hata Warusi walioitengeneza wameitaja.

Oktoba 2015 Bodi ya Usalama ya Uholanzi ilitoa ripoti yake. Ilikuwa imeokota mabaki, ikayapeleka kwenye kambi ya jeshi la anga ya Gilze-Rijen, ikayaunganisha upya kipande kwa kipande kwenye fremu ya chuma mpaka pua ya ndege ikasimama tena. Upande wa kushoto wa chumba cha marubani ulikuwa umetobolewa kama chekecheke: kwenye mabati yaliyopatikana tu kulihesabiwa matundu zaidi ya 350. Upande wa kulia haukuwa hivyo. Kwa hiyo kilicholipuka kilikuwa nje, juu kidogo, mkono wa kushoto wa rubani, mita chache tu kutoka kwenye kioo chake.

Kisha kuna vile vipande vya chuma. Buk ni mtambo wa Kisovieti wa kutungua ndege kwa makombora kutoka ardhini. Kichwa cha kombora lake cha aina ya 9N314M kina uzito wa kilo 70 hivi, na kimejazwa maelfu ya vipande vidogo vilivyokatwa tayari. Vingine ni vya pembe nne, na vingine vina umbo la tai ya kipepeo, ile fupi inayofungwa shingoni. Vipande vya umbo hilo vilipatikana kwenye mabaki, na kimoja kilitolewa ndani ya mwili wa mmoja wa wafanyakazi wa ndege waliokuwa mbele kwenye chumba cha marubani. Kilipochunguzwa, kilikutwa na utando mwembamba wa kioo na alumini uliogandia juu yake, yaani kilipita kwenye dirisha na bati la ndege kabla ya kumfikia. Ukiniuliza ushahidi mmoja unaonitosha, nitakutajia kipande hicho.

Na sauti nazo zilisema. Kinasa sauti cha chumba cha marubani kilikatika ghafla, lakini katika milisekunde 20 za mwisho kulikuwa na mshindo mfupi mno, wala hakuna rubani aliyewahi kutamka neno la hofu. Kinasa hicho kina maikrofoni nne. Wachunguzi walilinganisha ipi iliupata mshindo kwanza na ipi ikafuata, na hesabu ikawaelekeza kulekule: juu, kushoto.

Sasa sikiliza kampuni ya Almaz-Antey, mali ya serikali ya Urusi na mtengenezaji wa Buk. Mwaka 2015 iliita waandishi wa habari mara mbili, na mara zote ilisema ni Buk. Ubishi wao ulikuwa juu ya toleo la kombora na mahali liliporushiwa. Kwa hiyo wabishi wote wakubwa wanakubaliana kwamba ni kombora la kutoka ardhini na kwamba ni Buk.

"Ni ndege ya kivita ya Ukraine iliyoifyatulia"

Hii ilitoka wizara ya ulinzi ya Urusi yenyewe, siku nne baada ya mkasa. Ilidai kwamba rada iliona ndege, pengine Su-25, ikipanda kuelekea MH17. Tatizo ni kwamba Su-25 imeundwa kupiga shabaha za ardhini, na kwa vipimo vya mtengenezaji wake kikomo chake ni mita 7,000 hivi. MH17 ilikuwa futi 33,000, karibu mita 10,000. Na makombora yake madogo hufuata joto la injini. Hayaendi kulipukia mbele ya pua.

Kilichoizika dhana hii ni ushahidi wa Urusi yenyewe. Septemba 2016 wizara hiyohiyo ilitoa data ya rada yake ya Ust-Donetsk, ndani ya Urusi, ili kuonyesha kwamba hakuna kombora lililotoka mashariki. Data hiyo haikuonyesha ndege yoyote ya kivita karibu na MH17. Walipotaka kuitetea hadithi ya pili, waliifuta ya kwanza. Hata hivyo hadi leo nakutana na watu wanaoisimulia Su-25 kama kitu kilichothibitishwa, pamoja na ile picha ya setilaiti iliyorushwa na televisheni ya Urusi Novemba 2014, ambayo ilikuwa ya kughushi.

"Sawa, Buk. Lakini Ukraine nayo ina Buk"

Hapa ndipo penye ubishi wa kweli, na anayeuliza hivi si mjinga. Ukraine ilirithi Buk kutoka Usovieti. Isitoshe, Oktoba 2001 jeshi la Ukraine likiwa mazoezini liliidungua kimakosa ndege ya abiria ya Urusi juu ya Bahari Nyeusi, watu 78 wakafa, na mwanzoni maofisa wake walikana. Mwenye kukumbuka hilo ana haki ya kushuku.

Lakini shuku inahitaji kupimwa. Almaz-Antey ilisema kombora lilirushwa kutoka Zaroshchenske, kijiji ambacho Urusi inadai kilikuwa mikononi mwa jeshi la Ukraine. Wapelelezi wa pamoja wa Uholanzi, Australia, Ubelgiji, Malaysia na Ukraine walisema lilitoka shamba moja karibu na Pervomaiskyi, eneo lililokuwa mikononi mwa wapiganaji waliotaka kujitenga na Ukraine wakiungwa mkono na Urusi. Wa kwanza walileta hesabu ya pembe ambayo kombora liliijia ndege. Wa pili walileta picha ya moshi uliopanda angani, alama ya kuungua shambani, kumbukumbu za minara ya simu, na mazungumzo yaliyonaswa. Wakaleta pia safari nzima: Buk ikiwa juu ya lori jeupe la Volvo lenye tela refu, asubuhi ikipita Donetsk, mchana ikifika Snizhne, na baadaye mtambo ukirudishwa mashariki kupitia Luhansk ukiwa na kombora moja pungufu. Picha na video hizo zilipigwa na watu tofauti, wengi wao raia waliosimama tu kando ya barabara au dirishani kwao. Kumghushi mmoja wao inawezekana. Kuwaghushi wote, walingane na simu, vivuli vya jua na setilaiti, ni kazi nyingine kabisa.

Mei 2018 wapelelezi hao walikwenda mbali zaidi. Walisema mtambo ulikuwa wa Brigedi ya 53 ya makombora ya kutungulia ndege, yenye makao Kursk nchini Urusi. Waliulinganisha kwa alama zake, michubuko na maandishi, na picha za msafara wa brigedi hiyo wa Juni 2014.

Urusi ilijibu Septemba mwaka huo kwa karatasi: namba za injini ya kombora zinaonyesha lilitengenezwa Dolgoprudny mwaka 1986 na kupelekwa kikosi cha magharibi mwa Ukraine. Hoja hiyo imewashawishi wengi ninaobishana nao. Lakini 1986 Urusi na Ukraine zilikuwa nchi moja. Karatasi ya mwaka huo haiwezi kukuambia kombora lilikuwa kwa nani miaka 28 baadaye.

"Rubani alijiingiza kwenye anga iliyofungwa"

Si kweli, na inaniuma kila ninapoisikia, kwa sababu marehemu hawezi kujitetea. Anga ilikuwa imefungwa chini ya futi 32,000. MH17 ilikuwa 33,000, ikiongozwa na waongozaji wa Ukraine. Ilisogea kidogo kukwepa mawingu ya radi, kwa ruhusa. Siku hiyohiyo ndege 160 za abiria zilipita juu ya eneo hilo, na ilipodunguliwa nyingine tatu zilikuwa jirani.

Ila ndani ya dhana hii mna jambo zito. Bodi ya Uholanzi ilisema wazi kwamba Ukraine ilikuwa na sababu za kutosha za kuifunga anga yote, kwani ndege za kijeshi zilikuwa zikidunguliwa siku hizo, ikiwamo An-26, ndege ya mizigo ya jeshi, tarehe 14 Julai. Haikufunga. Hilo ni kosa la Ukraine, lisimeze lile la aliyefyatua, wala lisimezwe nalo.

"MH17 ndiyo MH370 ileile iliyopotea"

Zote zilikuwa Boeing 777 za shirika moja, na mikasa yote miwili ni ya 2014, basi. Iliyodunguliwa ilisajiliwa 9M-MRD, iliyopotea 9M-MRO. Na sisi tuna sababu ya pekee ya kutodanganyika: Juni 2016 kipande cha bawa kiliokotwa Pemba, na wataalamu wa Australia wakathibitisha kwa namba zilizokuwa ndani yake kwamba ni cha MH370. Bahari ilikisukuma mpaka kwetu.

"Walikufa wanasayansi 100 wa Ukimwi, kwa hiyo lilipangwa"

Namba hiyo ilitangazwa siku za mwanzo na baadhi ya vyombo vya habari vya kuaminika, ndiyo maana imeganda. Waliokuwa wakienda kwenye mkutano wa Ukimwi wa Melbourne walikuwa sita. Mmoja wao ni Profesa Joep Lange, Mholanzi aliyepigania dawa za kufubaza virusi zifike Afrika, akiuliza kwa nini soda baridi inafika kila kijiji na dawa isifike. Taasisi aliyoianzisha, PharmAccess, imefanya kazi Tanzania na Kenya. Kumkuza hadi mia hakumpi heshima zaidi.

"Mahakama ilikuwa ya kisiasa, hata Mahathir alisema"

Mei 2019 Mahathir Mohamad, wakati huo waziri mkuu wa Malaysia, alisema hakuna uthibitisho kwamba Urusi inahusika. Namheshimu, kama wengi huku kwetu. Lakini nchi yake haikujitoa kwenye timu ya upelelezi.

Kesi ilifunguliwa Machi 2020 nchini Uholanzi, karibu na uwanja wa ndege wa Schiphol. Hukumu ilitoka 17 Novemba 2022, washtakiwa wakiwa hawapo: Igor Girkin, Sergey Dubinskiy na Leonid Kharchenko, viongozi wa wapiganaji wale waliotaka kujitenga, kifungo cha maisha. Wa nne, Oleg Pulatov, ofisa wa zamani wa jeshi la Urusi, aliachiwa huru kwa kukosekana ushahidi kwamba alishiriki kuleta mtambo ule. Ndiye pekee aliyeweka mawakili. Mahakama iliyokusudia kumfunga Mrusi yeyote isingemwachia huyo. Urusi ingetaka mahakama ya kimataifa badala ya hiyo ya Waholanzi, ilikuwa na nafasi Julai 2015 pale Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipopiga kura kuunda mahakama maalumu. Nchi 11 ziliunga mkono, Angola ikiwa kati ya tatu zilizojizuia, na Urusi ikatumia kura ya turufu. Julai 2025 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu nayo iliamua kwamba Urusi inawajibika kwa kuidungua.

Kinachobaki gizani ni kingine. Majaji walisema haikuthibitika nani alitoa amri ya kufyatua, wala kwa nini hasa. Waliona uwezekano mkubwa kwamba waliofyatua walidhani ni ndege ya kijeshi. Februari 2023 wapelelezi walisema kuna dalili nzito kwamba Rais Putin mwenyewe aliamua mtambo utolewe, lakini ushahidi haukufikia kiwango cha kumshtaki mtu zaidi, wakasimamisha upelelezi. Wale waliokaa ndani ya Buk ile alasiri hiyo, wakatazama skrini ya rada na kubonyeza, hawajawahi kusimamishwa mbele ya hakimu kwa majina yao. Na katika watu 298, wawili, wote raia wa Uholanzi, hawakupatikana hata kipande cha kuzika.