"Nakala Tunayo" na Dhana Nyingine Zinazoponza Data za Biashara

Usiku wa Januari 31, 2017, mhandisi mmoja wa GitLab, kampuni inayotunza kazi za waandishi wa programu, alikuwa akihangaika na seva ya akiba iliyogoma kwenda sambamba na seva kuu. Akaamua kufuta folda ya data kwenye ile ya akiba ili aanze upya. Amri aliiandika sawasawa, ila aliiandika kwenye seva kuu. Alipozinduka na kuikatiza, baada ya sekunde moja au mbili, kati ya gigabaiti 300 hivi zilikuwa zimebaki 4.5.

Si neno, nakala zipo, ndivyo wengi tungesema. Kampuni ilikuwa na njia tano za kunakili na kuhifadhi data, na hakuna hata moja iliyofanya kazi kama ilivyotarajiwa. Nakala za kila siku, ambazo zilipaswa kupelekwa kwenye hifadhi ya mbali, hazikuwepo kabisa: programu ya kunakili ilikuwa ya toleo lisiloelewana na hifadhidata, ikawa inashindwa kimyakimya, na barua pepe za kutoa taarifa ya kushindwa huko zilikuwa zikikataliwa njiani. Kilichowaokoa ni nakala aliyoichukua kwa mkono mhandisi yuleyule, saa sita hivi kabla, kwa ajili ya shughuli nyingine. Data za wateja zilizoingia kwenye hifadhidata ndani ya saa hizo sita zikapotea.

Kisa hiki hakina mdukuzi, na ndiyo sababu nimekitanguliza. Tukisikia "usalama wa data" tunamfikiria mwizi, tunanunua kufuli la kumzuia, basi tunalala. Dhana nyingi zinazofuata zimezaliwa na picha hiyo.

"Nakala tunayo"

Mwenye biashara akiniambia hivi, huwa namuuliza mambo mawili: mara ya mwisho mliirejesha lini, na ilichukua saa ngapi? Mara nyingi hapo ndipo maongezi hupoa. Zoezi lenyewe halina ufundi mkubwa. Chagua faili moja la mwezi uliopita, lichukue kutoka kwenye nakala, lifungue kwenye kompyuta nyingine, ulisome. Halafu siku moja jaribu kurejesha mfumo mzima wa hesabu, si faili moja tu, ndipo utakapojua kama mtasimama kazi kwa saa mbili au kwa wiki.

Kuna vitu viwili vinavyodhaniwa kuwa nakala na sivyo. Cha kwanza ni folda inayojisawazisha na wingu, yaani hifadhi ya mtandaoni. Ukifuta faili huku, na kule linafutika. Virusi vya kudai fidia vikilifunga huku lisifunguke, lililofungwa ndilo linalopanda kule. Huduma nyingine hutunza matoleo ya zamani, lakini kwa siku za kuhesabika, kwa hiyo kosa lililogunduliwa baada ya miezi mitatu huenda halina dawa. Cha pili ni diski mbili zinazoakisiana ndani ya seva moja. Hizo zinakukinga diski moja ikifa. Moto, wizi na kidole kilichoteleza hazivijui.

Maersk, kampuni ya meli ya Denmark, ililipia funzo hili kwa bei kali. Juni 27, 2017 ilivamiwa na virusi vya NotPetya. Ilikuwa na seva zipatazo 150 zinazotambua nani ni nani ndani ya mtandao wake, na kila moja ilikuwa ikinakili nyenzake. Mpango ulikuwa kwamba ikifa moja, nyingine zitaijenga upya. Hakuna aliyewaza kwamba zinaweza kufa zote kwa pamoja. Baada ya kutafuta kwa hofu, ikapatikana moja iliyopona, katika ofisi ya Ghana, na ilipona kwa sababu umeme ulikuwa umekatika kabla virusi havijaifikia. Mtandao wa huko ulikuwa mwembamba mno kusafirisha data zile, na wafanyakazi wa pale hawakuwa na viza ya Uingereza, hivyo mmoja wao akapanda ndege hadi Nigeria akaikabidhi diski kwa mwenzake, aliyeisafirisha hadi London. Kampuni ilisimika upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 ndani ya siku kumi, na hasara ilikadiriwa kufikia dola milioni 300 za Marekani. Kukatika kwa umeme ndiko kulikokuwa mpango wao wa dharura, bila wao kujua.

Ndiyo maana watu wa fani hii hushikilia kanuni ya tatu, mbili, moja: nakala tatu, katika aina mbili za vifaa, na moja iwe nje ya jengo. Siku hizi ningeongeza kwamba moja iwe imechomolewa kabisa kwenye mtandao, au iwe chini ya akaunti ambayo funguo za kila siku haziifungui. Code Spaces, kampuni nyingine iliyotunza kazi za waandishi wa programu, walikuwa na nakala, tena za kutosha, ila zote ziliishi ndani ya akaunti ileile ya wingu. Juni 2014 mvamizi aliingia kwenye akaunti hiyo, akadai pesa, na alipoona wanataka kumfungia nje akaanza kufuta: data, mashine, nakala. Ndani ya saa chache hapakuwa na kampuni tena.

"Data zetu ziko kwenye wingu, hilo ni jukumu lao"

Wingu ni kompyuta za mtu mwingine, ndani ya jengo lenye anwani. Machi 10, 2021 moto uliteketeza jengo moja la kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa. Wateja waliokuwa na nakala mahali pengine walihangaika siku kadhaa wakarudi kazini. Kuna ambao hawakuwa nazo, na data zao hazikupatikana tena. Soma mkataba wako taratibu. Kwa kawaida mtoa huduma anaahidi kwamba mashine zitawaka. Kilichomo ndani, na nani umempa ruhusa ya kukigusa, hubaki juu yako.

"Sisi ni wadogo, nani atatutaka?"

Hakuna anayekuchagua. Programu za wavamizi huzunguka intaneti mchana na usiku zikijaribu kila mlango, na zikiukuta ulio wazi huingia bila kuuliza mtaji wako. WannaCry, programu ya kufunga data na kudai fidia iliyozuka Mei 12, 2017 na kusambaa katika nchi zaidi ya 100, iliwapata waliokuwa hawajasasisha Windows. Kiraka cha kuziba tundu lile Microsoft ilikuwa imekitoa Machi 14, karibu miezi miwili kabla. Kile kidirisha cha "sasisha sasa" unachokiahirisha kila asubuhi kina uzito huo.

Isitoshe, udogo wenyewe unaweza kuwa ndiyo sababu ya kutafutwa. Mwaka 2013 kampuni ya maduka ya Target nchini Marekani iliibiwa taarifa za kadi za benki zipatazo milioni 40. Wezi walipitia kwa fundi wa majokofu. Kampuni ndogo iliyokuwa ikihudumia mitambo ya ubaridi ilikuwa na akaunti kwenye mtandao wa Target. Wakaiba nenosiri lake kwanza, wakaingia nalo. Kama unamhudumia mteja mkubwa, wewe ni mlango wake. Na kama una mafundi, wahasibu wa nje na mawakala wenye akaunti kwako, pitia orodha yao leo. Utakuta jina la mtu aliyeacha kazi zamani.

"Nenosiri liwe na alama za ajabu, libadilishwe kila baada ya miezi mitatu"

Hii si dhana ya mtaani, iliandikwa na wataalamu. Mwaka 2003 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa mwongozo uliosambaza desturi hiyo, na mwandishi wake, Bill Burr, alikuja kusema hadharani mwaka 2017 kwamba anajutia mengi aliyoyaandika humo. Sababu inajulikana na kila aliyewahi kulazimishwa: mtu hubadilisha tarakimu ya mwisho tu, 1 ikawa 2, au huandika kwenye karatasi akaibandika kwenye kioo cha kompyuta. Mwaka huohuo mwongozo mpya wa NIST ukaachana na kubadilisha kwa ratiba. Badilisha kukiwa na dalili kwamba limevuja, basi. Urefu una faida kuliko alama. Maneno manne au matano yasiyohusiana yanakumbukika na ni magumu kukisia.

Balaa kubwa zaidi ni kutumia nenosiri moja kila mahali. Dropbox, huduma ya kuhifadhi mafaili mtandaoni, ilivuja mwaka 2012 kwa sababu mfanyakazi wake alitumia kazini nenosiri alilokuwa analitumia kwingine, kwingine kukavuja kwanza. Programu ya kutunza manenosiri inamaliza tatizo hilo kwa gharama ndogo. Juu yake weka uthibitisho wa hatua mbili, yaani nenosiri pamoja na kitu cha pili kama namba inayoletwa kwenye simu yako, ukianza na barua pepe, maana mwenye barua pepe yako anaweza kuomba manenosiri mapya ya akaunti zako nyingine zote.

"Tuna programu ya kuzuia virusi"

Vizuri, ibaki. Lakini kati ya mwaka 2013 na 2015 raia wa Lithuania, Evaldas Rimasauskas, alizitoza Google na Facebook zaidi ya dola milioni 100 kwa kuzitumia ankara za uongo, akijifanya kampuni ya Asia iliyokuwa ikiziuzia vifaa kweli. Alihukumiwa kifungo cha miaka mitano mwaka 2019. Ulaghai wa namna hii hauhitaji kirusi. Barua pepe inayosema "tumebadilisha akaunti ya benki" haina kitu cha kukamatwa na programu yoyote. Kinga yake ni simu: mpigie msambazaji kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, usitumie iliyoandikwa kwenye barua hiyo. Na mhasibu asiogope kumpigia bosi kuuliza kama kweli ndiye aliyeagiza malipo. Ofisi ambayo kuuliza huko kunaonekana ni utovu wa adabu ndiyo anayoipenda tapeli.

Mengine mawili nitayapitia haraka. Alama ya kufuli karibu na anwani ya tovuti inasema tu kwamba mawasiliano yamefichwa njiani. Tovuti ya tapeli nayo hupata kufuli hilo, bure. Na kufuta faili hakulifuti. Kompyuta huondoa jina kwenye orodha na kuacha data mahali pake hadi nyingine ziandikwe juu yake. Benki ya Morgan Stanley ilitozwa faini ya dola milioni 35 mwaka 2022 baada ya vifaa vyake vya zamani kuuzwa mnadani vikiwa bado na taarifa za wateja. Ukisimba diski nzima, yaani ukiigeuza fumbo lisilosomeka bila ufunguo, tangu siku ya kwanza, kuuza kompyuta au kuibiwa hakutakunyima usingizi.

"Wakitufungia data tutalipa tu, yaishe"

Mei 2021 kampuni ya Colonial Pipeline, inayosafirisha mafuta kwa bomba mashariki mwa Marekani, ilivamiwa kupitia akaunti ya zamani isiyotumika tena, yenye nenosiri lililokuwa limeshavuja na isiyo na hatua ya pili ya uthibitisho. Bomba likafungwa kwa siku kadhaa. Kampuni ililipa bitcoin 75, thamani yake wakati huo ikiwa dola milioni 4.4, ikapewa programu ya kufungulia data. Programu hiyo ilifanya kazi polepole mno, hata mafundi wakaendelea kurejesha mifumo kutoka kwenye nakala zao wenyewe.