Tuta la msituni Uingereza: si ngome, ni uzio wa kulungu

Kwenye misitu ya kusini mwa Uingereza, si ajabu kukuta tuta refu la udongo likipinda kati ya miti, ubavuni mwake handaki lililojaa majani makavu. Mengi ni mabaki ya mipaka ya mbuga za kulungu za Zama za Kati, yaani maeneo yaliyozungushiwa uzio ili kufugia kulungu, na yamezushiwa mengi.

Dhana: Ni ngome ya vita.
Tazama handaki liko upande gani. Anayejikinga na adui huchimba nje ya tuta, ili mshambuliaji atumbukie kwanza. Hapa kwa kawaida liko ndani, kwa sababu anayezuiwa ni mnyama asitoroke. Kulungu aliyetaka kuruka alianzia chini handakini, mbele yake tuta, na juu ya tuta uzio wa mbao za mwaloni zilizopasuliwa na kusimamishwa wima. Mbao zimeoza zamani, udongo umebaki.

Dhana: Mpaka ulizuia wanyama pande zote.
Kutoka, ndiyo. Kuingia, walikaribishwa! Baadhi ya mbuga zilikuwa na sehemu iliyotengenezwa makusudi: kulungu wa nje anaruka ndani kirahisi, akigeuka anakuta handaki na kimo asichokiweza. Ujanja huo haukumpendeza mfalme, maana karibu na misitu yake aliyenaswa huenda ni kulungu wake. Kuutumia huko kulihitaji kibali chake.

Dhana: Mbuga zote zilikuwa za mfalme, za kuwindia.
Makabaila, maaskofu na monasteri walikuwa nazo pia. Kitabu cha Domesday, daftari la kifalme la ardhi na mali za Uingereza la mwaka 1086, kinataja kama 35. Kufikia 1300 zinakadiriwa kupita 3,000. Nyingi zilikuwa ndogo mno kwa mbio ndefu za farasi. Zilikuwa zaidi ghala la nyama hai, nyama ya karamu na zawadi, si ya kupeleka sokoni. Aliyevamia mbuga ya mwenzake, sheria ya 1275 ilimpa miaka 3 gerezani.

Dhana: Kila mbuga ya kulungu ni ya enzi hizo.
Hapana. Richmond Park ya London, kwa mfano, ilizungushiwa ukuta na Mfalme Charles I mwaka 1637.

Zile za kale mara nyingi hujitambulisha kwenye ramani: mipaka ya mashamba inafuata mstari wa uzio wa zamani, ikizunguka bila kona kali, kwani uzio ulikuwa ghali, na umbo la mviringo huzingira ardhi kubwa kwa mbao chache.